Tusimwite 'afisa ugavi' kabla ya kuuliza mzigo umefikaje

Wafasiri wengi wakikutana na afisa wa jeshi anayeshughulikia lojistiki, hukimbilia kumwita 'afisa ugavi'. Neno lenyewe si baya. Limetokana na kitenzi 'gawa', na Tanzania limekita mizizi hadi vyuoni. Tatizo ni kwamba hapa Kenya ukisema 'ugavi', msikilizaji huona mtu aliyesimama mbele ya foleni akigawa kitu. Papo hapo anauliza: je, anagawa kwa haki?

Kazi kubwa ya afisa huyu hufanyika kabla foleni haijaanza. Mnamo Februari 2023 serikali ilituma wanajeshi kuwasaidia polisi katika Operesheni Maliza Uhalifu, Turkana ikiwa miongoni mwa kaunti husika. Kikosi kikipiga kambi mbali na Lodwar, lazima mtu awe amepiga hesabu: lita ngapi za maji kwa kila askari katika joto lile, dizeli ya kwenda na kurudi, spea za malori, dawa, na njia mbadala laga ikifurika. Huko laga, yaani mto wa msimu, huweza kuwa mchanga mtupu asubuhi na kukata barabara jioni, nawe hujaona tone la mvua ulipo. Imenyesha milimani! Lori la maji likikwama hapo, hakuna cha kugawa, hata mgawaji awe malaika.

Kiswahili hakikuanza jana kuyazungumzia mambo haya. Misafara ya zamani ilikuwa na 'masurufu', akiba ya safari, na 'posho', chakula cha mpagazi. Leo posho ni ugali kwa Mganda, marupurupu kwa mbunge wa Tanzania, na kwetu ni unga wa kinuni. Wapagazi wa Carrier Corps katika Vita vya Kwanza vya Dunia nao walituachia Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kikosi cha uchukuzi kimegeuka jina la soko, na wanunuzi wengi hawana habari.

Tofauti ninayoisema inaonekana wazi zaidi nje ya jeshi, pale Kakuma, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa 1992, na kwa miaka mingi watu walipanga foleni ya mgao. Mwaka 2015 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, likaanzisha Bamba Chakula. Jina limetoka mtaani, ambako kubamba ni kupata au kunasa. Mkimbizi alipokea thamani ya sehemu ya mgao kupitia simu, kisha akanunua dukani. Ugavi ukabadilika kabisa. Lojistiki je? Mwenye duka bado alingoja unga upande barabara ileile kutoka Kitale, kupitia Lodwar. Unga ulipochelewa, simu ilikuwa na thamani lakini rafu zilikuwa tupu, na kumlaumu mgawaji kulikuwa kumwonea.

Ndiyo maana mimi huandika 'afisa wa lojistiki', na 'ugavi' nikauachia hatua ya mwisho, chakula kinapoingia mkononi mwa mlaji. Wanaoliona 'lojistiki' kuwa la kizungu mno waseme 'uchukuzi na ugavi', kwa mpangilio huohuo.