Samadi Mbichi Si Mbolea ya Mchicha

Ndugu zetu walimao mchicha mabondeni mwa Dar es Salaam hawahitaji kufundishwa nguvu ya samadi ya kuku. Majani wanayaona wenyewe. Hata damu ya machinjioni, ikikaushwa na kusagwa, huwa na naitrojeni karibu asilimia 12, nayo ndiyo chakula hasa cha majani. Si haki itiririke mtaroni.

Lakini lipo jambo ambalo hatuna budi kulisema waziwazi. Mchicha hukatwa baada ya wiki 3 au 4 tu. Kanuni za kilimo hai za Marekani zataka zipite siku 120 tangu samadi mbichi kutiwa udongoni hadi kuvunwa kwa mboga igusanayo na ardhi, maana vijidudu vya kuhara huishi humo. Basi amwagaye samadi mbichi tutani humwuzia mfanyakazi mwenzake ugonjwa pamoja na fungu la mboga.

Samadi na ichanganywe na majani makavu, ilundikwe, inyunyiziwe maji. Lundo likishika joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, likageuzwa mara 5, vijidudu vingi hufa. Mwenye vituta viwili vya kukodi atauliza: lundo hilo nilirundike wapi? Swali lake ni la haki. Twaona wakulima wa kila bonde waungane katika ushirika, waiombe halmashauri kiwanja kimoja cha lundo la wote.