Msomaji wa Kitura na Mwandishi wa Mbali

Swali la kitabu gani msomaji anacho mkononi kwa sasa, na la mwandishi yupi angependa kuonana naye, huulizwa mara nyingi kana kwamba kila msomaji amesimama mbele ya rafu iliyojaa na kazi yake ni kuchagua tu. Katika kata ya Kitura wilayani Mbinga, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mkoa wa Ruvuma kuanzia vilima vya Umatengo hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, swali hilo lina sura nyingine, kwa kuwa msomaji wa kijijini kwa kawaida hufikiwa na kitabu kabla hajapata nafasi ya kukichagua. Kitabu humfikia kupitia shule, kupitia kanisa, kupitia ndugu aliyerudi kutoka Songea au Dar es Salaam, na siku hizi kupitia simu ya mkononi. Kwa hiyo anayetaka kujua watu wa huko wanasoma nini hana budi aanze kwa kuuliza ni njia gani zilizowaletea maandishi, kwani kila njia ilileta vitabu vya aina yake na waandishi wa aina yake.

Njia ya kwanza ilikuwa ya wamisionari, nayo iligawanyika mapema. Ufukweni mwa ziwa walifika Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu, chama cha kimisionari kilichoanzishwa Uingereza kwa mwito wa David Livingstone, ambao makao yao ya ziwani yalikuwa katika kisiwa cha Likoma na ambao tangu mwaka 1901 walikuwa na meli iliyoitwa Chauncy Maples, iliyokusudiwa kuwa pia shule ya kufundishia walimu. Mmoja wao, William Percival Johnson, alifanya kazi katika ziwa hilo kwa zaidi ya miaka 40 mpaka alipofariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, na ndiye aliyeitafsiri Biblia kwa Kichinyanja. Maana yake ni kwamba wengi wa Wanyasa wa mwambao huu waliojifunza kusoma katika misheni hiyo walianza kwa lugha ya majirani zao wa ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili kikafuata baadaye. Huku milimani hali ilikuwa tofauti, kwa kuwa Wabenediktini kutoka Ujerumani, waliofika Peramiho mwaka 1898 na kuenea hadi Umatengoni, walijenga shule zao juu ya Kiswahili na hatimaye wakaweka Peramiho kiwanda cha uchapaji ambacho vitabu vyake vya sala, nyimbo na mafundisho viliingia katika nyumba ambazo hazikuwa na maandishi mengine yoyote. Kitabu cha sala kilichojulikana sana kusini kiliitwa Chuo cha Sala, na jina hilo lina thamani yake, kwa sababu limehifadhi maana ya zamani ya neno chuo, yaani kitabu, ambayo Waswahili wengi wa leo wameisahau wakidhani kuwa chuo ni jengo la kusomea peke yake.

Baada ya Uhuru dola iliichukua kazi ya kufundisha watu kusoma. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na kufikia mwaka 1986 serikali ilitaja kwamba wasiojua kusoma wamebaki kama asilimia 10. Kampeni hiyo iliwapa watu wa vijijini uwezo wa kusoma, ikawapa pia vitabu vya kilimo, afya na siasa, pamoja na maktaba ndogo za vijiji. Lakini uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980 na karatasi ikawa adimu, uwezo ulibaki na vitabu vikatoweka. Hasara hiyo haijapata kuandikwa vya kutosha, kwani mkulima aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 40 kisha akakosa cha kusoma alipokonywa kitu ambacho alikuwa amekipata kwa jasho.

Kwa sababu hiyo shule ya sekondari imebaki kuwa mlango mkubwa wa fasihi, na orodha ya vitabu teule, yaani vitabu ambavyo mtaala unawataka wanafunzi wavisome na kutahiniwa navyo, ndiyo inayoamua kwa sehemu kubwa kijana wa Mbinga amesoma nini. Kwa karibu miaka 20 tangu muhtasari wa mwaka 2005, orodha ya kidato cha tatu na cha nne haikubadilika sana: riwaya ni Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu ya A. J. Safari, tamthiliya, yaani michezo ya kuigiza iliyoandikwa, ni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, Orodha ya Steve Reynolds na Kilio Chetu, na katika ushairi kuna Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib na diwani nyingine mbili. Kizazi kizima kimelelewa na vitabu hivi, kiasi kwamba mtu wa Kitura na mtu wa Kigoma ambao hawajawahi kuonana wanaweza kuzungumza juu ya Ngoswe, karani wa kuhesabu watu ambaye mapenzi yake kwa binti wa kijijini yaliiharibu kazi ya taifa, kama watu wanaomzungumzia jirani yao wa pamoja. Hilo ni jambo kubwa na halistahili kubezwa.

Hata hivyo namna vitabu hivyo vinavyosomwa inaumiza. Mahali ambapo nakala moja inagombewa na wanafunzi wengi, wanafunzi huishia kusoma vitabu vya uchambuzi, yaani vijitabu vinavyofupisha hadithi na kupanga dhamira, wahusika na mbinu za kisanaa tayari kwa kujibu mtihani, na wapo wanaomaliza kidato cha nne wakiijua dhamira ya riwaya ambayo hawajapata kuufungua ukurasa wake wa kwanza. Msomaji wa namna hiyo hawezi kutamani kumwona mwandishi, kwa sababu hajawahi kuisikia sauti yake. Hamu ya kuonana na mwandishi huzaliwa pale msomaji anapobaki na swali ambalo kitabu hakikulijibu, na kijitabu cha uchambuzi kimeandikwa ili swali la namna hiyo lisibaki.

Pale nakala kamili inapopatikana mambo hubadilika. Takadini ni mfano mzuri, kwani ni hadithi ya mtoto mwenye ualbino miongoni mwa Washona wa Zimbabwe ya kale, ambaye mama yake, Sekai, anatoroka naye kwa sababu mila za kijiji zinataka auawe. Msomaji wa Tanzania, nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa katika miaka ya karibuni, hawezi kukisoma kitabu hicho kama kisa cha mbali, na swali lake kwa Hanson lingekuwa zito: je, jamii inayomfukuza mtoto hubadilishwa na upendo wa mama peke yake, au mpaka apatikane pia mzee mmoja mwenye heshima atakayethubutu kumpokea, kama ilivyo katika kitabu? Vivyo hivyo anayeisoma Orodha, tamthiliya ya msichana Furaha anayekufa kwa UKIMWI na kuacha barua ya kusomwa mazikoni mwake, angependa kumuuliza mwandishi wake aliwezaje kuisikia lugha ya msiba wa Kiafrika.

Wengi wa waandishi ambao msomaji wa Kiswahili angewataja kwanza hawaonekani tena. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na Kufikirika, ambacho wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wamekuwa wakikisoma, kilitoka mwaka 1967 akiwa tayari kaburini. Edwin Semzaba alifariki mwaka 2016. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1944, alifariki Januari 2020 baada ya kufundisha Botswana kwa miaka mingi, na kati ya wote huyu ndiye ambaye watu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi wangekuwa na mengi ya kuzungumza naye, kwa kuwa alikuwa mtoto wa ziwa. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, ambayo kwa muda ilizuiwa shuleni kwa sababu ilieleza waziwazi jinsi msichana aliyelelewa kwa ukali anavyopotea anapofika shule ya bweni, bado inagusa kila wilaya ambayo binti hupelekwa mbali kusoma na baba anadhani kuwa fimbo aliyoiacha nyumbani itamlinda huko aendako.

Nje ya shule kuna usomaji mwingine ambao walimu wa fasihi wamezoea kuudharau bila haki. Fasihi pendwa, yaani hadithi za upelelezi, mapenzi na visa vya kusisimua zinazoandikwa kwa ajili ya kuburudisha, ndiyo iliyowafanya watu wengi wasome kwa hiari yao. Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, walipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakachanika. Baadaye hadithi za mfululizo za Eric Shigongo zilisomwa magazetini toleo baada ya toleo. Na leo waandishi vijana hutuma sura moja moja kwenye simu na kulipwa kwa fedha za mtandao.

Mwandishi wa Kitanzania anayejulikana zaidi duniani kwa sasa, Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alianza kuwafikia wasomaji wa Kiswahili kwa lugha yao mwaka 2022, pale riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 ilipotoka kwa jina la Peponi kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Watu wa Ruvuma wana sababu ya pekee ya kumtaka aje kwao. Riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020 inahusu Waafrika waliotumikia jeshi la Wajerumani na watu waliobaki na makovu ya vita, na vita hivyo vina alama zake hapa: viongozi wa Kingoni walinyongwa Songea mapema mwaka 1906 kwa ajili ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, na Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ndipo meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann mnamo Agosti 1914. Tangu barabara ya lami ya takriban kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ilipokamilika, mgeni anaweza kuanza safari Songea asubuhi na kufika ufukweni mapema siku hiyohiyo, hivyo mwandishi naye anaweza kualikwa kama anavyoalikwa mganga mkuu au mkaguzi wa kahawa.

Lakini waandishi ambao Kitura inawadai zaidi ni wa Umatengoni kwenyewe. Egino Ndunguru aliandika Historia, Mila na Desturi za Wamatengo, kitabu kilichotolewa mwaka 1972 na ambacho kingestahili kuwamo katika kila shule ya Mbinga, na Severin Ndunguru ameandika riwaya kwa Kiingereza zilizotolewa na wachapishaji wa Mkuki na Nyota. Joseph Mbele, mzaliwa wa Mbinga aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kisha kwa miaka mingi katika Chuo cha St. Olaf huko Minnesota, Marekani, aliandika kwa Kiswahili mkusanyiko wa insha uitwao Changamoto, uliotoka mwaka 2009. Kabla yake, mwaka 1999, alikuwa ametoa Matengo Folktales, ngano alizozikusanya kwa wasimulizi wa Umatengoni, akazitafsiri kwa Kiingereza na kuziandikia maelezo ya kitaaluma.

Hapa pana jambo la kusikitisha na la kutia moyo kwa pamoja. Ngano zilizosimuliwa jikoni kwa Kimatengo zimevuka bahari na kuwa kitabu ambacho mwanafunzi wa Minnesota anaweza kukisoma kwa urahisi kuliko mjukuu wa msimulizi, huku mjukuu huyo akipewa shuleni hadithi ya Washona iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Toleo la Kiswahili, likiwa na matini ya Kimatengo upande wa pili wa ukurasa, lingekuwa zawadi kubwa kwa wilaya nzima, na msomaji wa Kitura angekuwa na mengi ya kumuuliza Mbele: nani alimsimulia kila ngano, katika kijiji gani, na nini kilipotea ilipohamia Kiingereza. Mbele ya Gurnah au Hanson msomaji huyo angekaa kama mgeni anayesikiliza. Kwa Mbele ingekuwa vingine, maana ngano haina mmiliki mmoja, kila msimulizi huipokea na kuigeuza kidogo, na bibi wa Kitura ambaye hajui Kiingereza angeweza kumsikiliza profesa hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba kwao ngano hiyo huishia kwingine, na akaanza kuisimulia.