Nyumba ya Pango na Stakabadhi Zake

Kodi ya nyumba si jambo geni katika miteremko ya Kilimanjaro. Utawala wa Kijerumani ulipoianza mwaka 1898, ulihesabu vibanda tu, rupia 3 kwa kibanda. Mwenye kukitengeneza na mwenye kukiacha kivuje walilipa sawasawa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ina macho zaidi, nayo yataka kujua fedha zilizotumika zimefanya kazi gani.

Na tumfikirie mzee wa Kilema, aishiye kihambani kwake, naye ana nyumba ya kupangisha mjini Moshi. Akiziba bati livujalo, hayo ni matengenezo. Akijenga chumba kipya, ameongeza mali. Kwa afanyaye upangishaji kuwa biashara, matengenezo hutolewa katika mapato ya mwaka uleule, bali gharama ya jengo hutolewa kidogo kidogo, asilimia 5 kila mwaka. Lakini mzee wetu si mfanyabiashara. Pango lake likatwapo asilimia 10, hiyo ndiyo kodi ya mwisho, na bati lake halitazamwi. Twaona jambo hili ni zito kwa wenye nyumba kuukuu. Wala chokaa ya nyumba alalayo mwenyewe haimpunguzii kodi.

Basi stakabadhi ni za nini? Ni za siku ya kuuza. Tuseme alinunua kwa shilingi 30,000,000, akaongeza vyumba kwa 12,000,000, kisha akauza kwa 50,000,000. Akiwa na stakabadhi, faida yake ni 8,000,000, na kodi ya asilimia 10 ni 800,000. Asipokuwa na kumbukumbu yoyote, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 yamtoza asilimia 3 ya bei yote, yaani 1,500,000.

Karatasi hizo zina kazi nyingine, nayo twaiona kubwa kuliko kodi. Mzee akifariki, mwana mmoja hudai kwamba ndiye aliyeezeka nyumba. Dada zake husema alimpa baba zawadi. Ikiwa ni deni, hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Ikiwa ni hiba, imekwisha kutolewa. Nani atajua, ikiwa hapakuandikwa neno? Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qurani, yatuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Hati hiyo na iwekwe pamoja na stakabadhi za fundi na za duka la bati, na mama wa nyumba ajue zilipo.