Raba ya Travis Scott: Mguuni inapendeza, dukani ni kamari

MEI 2019, kampuni ya Nike ilitoa raba iliyobuniwa kwa kushirikiana na mwanamuziki wa Marekani, Travis Scott. Bei ya dukani ilikuwa dola 175. Wengi waliikosa, na walanguzi wakaipandisha hadi zaidi ya dola 1,000. Anayevusha viatu mpakani anaijua: ni ile yenye tiki iliyogeuzwa.

Kwa sura, inastahili sifa zake. Msingi wake ni Air Jordan 1, kiatu cha mpira wa kikapu kilichobuniwa na Peter Moore na kuingia sokoni mwaka 1985. Scott hakukivuruga. Alikipa rangi ya kahawia na nyeupe, zinazokubali jinzi na hata suruali ya kitambaa, kisha akaigeuza tiki ya upande wa nje, mkia ukaelekea vidoleni. Kwenye kola kuna kimfuko cha siri cha kutosha noti chache zilizokunjwa.

Kwa matumizi, hesabu inabadilika. Sehemu za kahawia ni za ngozi yenye vinyweleo laini, ambayo hunywa maji na kushika vumbi. Msimu wa mvua, safari moja ya stendi yenye tope inatosha kuiharibu. Soli ni bapa, ya teknolojia ya miaka ya 1980. Anayesimama sokoni kutwa atapata nafuu zaidi kwenye raba ya kukimbilia ya bei ya chini.

Kwa mfanyabiashara, swali kubwa ni mtaji. Dola 1,000 ndani ya jozi moja ni fedha iliyofungwa kwenye saizi moja, ikimsubiri mteja mmoja. Na tiki hiyo iliyogeuzwa, inayoipa raba hii jina, ndiyo kitu rahisi kuigwa.

Anayekimbilia feki ana hatari nyingine. Kenya ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na Tanzania kazi hiyo iko chini ya Tume ya Ushindani. Mzigo bandia ukikamatwa, huharibiwa, na mtaji hupotea nao.

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao hausaidii. Unahusu mizigo isiyozidi dola 2,000, lakini lazima bidhaa iwe na asili ya nchi wanachama. Raba iliyotengenezwa China haipati cheti hicho, hata ukiinunua Nairobi au Kampala.

Mteja akiitaka halisi, chukua oda na malipo ya awali kabla ya kuagiza, na mwonyeshe risiti ya ulikoinunua. Kwa mzigo wa kuweka dukani, raba za kahawia na nyeupe zisizo na nembo ya mtu zitawatosha wengi waliopenda rangi tu, na zitapita mpakani bila kesi ya bidhaa bandia.