Upupu Katika Bustani za Mpanda

Mvua zianzapo katika nchi ya Mpanda, kiasi cha mwezi wa Novemba, huota bustanini mimea itambaayo ambayo hakuna aliyeipanda. Mmoja huwadanganya watu, maana una majani matatu katika kikonyo kimoja kama kunde, na mwenye bustani huuacha akidhani ya kuwa ni mbegu iliyoanguka mwaka jana. Kumbe ni upupu. Kiangazi kifikapo maganda hukauka, na watoto wa shule watumwao kufyeka ua kwa mikono mitupu hupatwa na mwasho wa kuwaliza.

Neno hili limo katika kamusi ya Kiswahili sanifu ya mwaka 1939. Lakini Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa wana lugha zao, na mwalimu mgeni afanya vema akiwauliza wazee jina la kwao kabla ya kushika jembe. Wataalamu huuita Mucuna pruriens. Nasi tuliofunzwa Kilatini twajua ya kuwa neno la pili maana yake ni wenye kuwasha.

Atazamaye na ayaangalie yale majani mawili ya kando: upande wa nje ni mpana kuliko wa ndani. Maua ni ya zambarau iliyokoza, nayo huning'inia kwa vishada, hali maua ya fiwi husimama. Ganda limepindika kama herufi S, limefunikwa malaika ya rangi ya hudhurungi. Lakini kungojea ganda ni kungojea madhara, maua yatosha.

Tena yupo ndugu yake afugwaye, ambaye malaika yake hayawashi. Wakulima humpanda ili majani yake yaoze na kurutubisha udongo. Kwa hiyo katika shamba la mtu mwingine haitupasi kung'oa kabla ya kumwuliza mwenyewe. Mbegu zisiliwe ovyo: zina levodopa, dawa watumiayo waganga wa hospitali kwa ugonjwa wa kutetemeka.

Upupu wenye maua hukatwa shinani na kung'olewa mzizi, basi. Uliokwisha kuzaa hukatwa asubuhi penye umande, pasipo upepo, kwa mikono iliyofunikwa. Maganda yalowanishwe maji, yatiwe guniani na kufukiwa. Yasichomwe moto, maana malaika hupeperuka pamoja na moshi. Miche mingine itazuka mvua zijazo. Nayo ing'olewe ingali midogo.

Aliyeguswa asijikune wala kujisugua, kwani malaika huzidi kuzama, na kila moja limebeba mukunaini, kitu kivunjacho protini mwilini. Abandike donge la ugali uliopoa au utepe wenye gundi, alibandue pamoja na malaika, ndipo aoge kwa maji mengi na sabuni. Nguo zake zifuliwe peke yake. Yakiingia machoni, yasafishwe kwa maji safi mengi, na mtoto apelekwe zahanati siku ile ile.