Okidi yenu inakufa kwa kupendwa mno?

Hivi umewahi kuua ua kwa mapenzi? Mimi nimewahi, tena ua la zawadi.

Tulipohamia Mbeya kikazi, mume wangu alininunulia dendrobiamu ya zambarau siku moja kabla ya kuondoka Dar. Tulikuwa tumenuniana wiki nzima kwa sababu ya uhamisho wenyewe, maana mimi sikutaka kuja, na lile ua lilikuwa njia yake ya kuomba yaishe. Niliipakata okidi ile kwenye basi kama mtoto. Tukaiweka barazani, kila mgeni akaisifia. Ilipofika Julai shina lilikuwa limeoza, majani yamekuwa ya njano, na mimi nimeshaanza kuwaza mambo ya ajabu ajabu kuhusu ndoa yangu.

Kumbe nilikuwa naimwagilia kila asubuhi. Naye jioni akirudi kazini anaipa kikombe chake. Kila mmoja alidhani mwenzake haijali, na hakuna aliyesema! Siku ilipotupwa ndipo tulipoulizana, tukacheka, halafu tukagombana kidogo, halafu tukacheka tena.

Lakini maji peke yake hayakuwa kosa letu lote. Dendrobiamu asili yake si Afrika. Ni ukoo mkubwa wa okidi zinazoanzia Asia hadi Australia na visiwa vya Pasifiki, na tabia zake hazifanani. Zile za maua bapa ya zambarau au meupe, zinazouzwa sana mijini, ni za joto. Zinataka usiku usioshuka chini ya nyuzi 15 hivi. Dar zinajisikia nyumbani. Mbeya, mji ulio kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Ukiongeza maji kwenye baridi hiyo, mizizi inaoza tu.

Sasa habari njema kwa wenzangu wa Nyanda za Juu: ipo dendrobiamu inayoitwa nobile, ya kutoka milima ya Asia, na hiyo inaihitaji baridi yetu. Bila majuma kadhaa ya ubaridi na ukame haitoi maua ya maana. Mtu wa Dar ataihangaikia miaka. Wewe wa Mbeya au Iringa unapewa bure na hali ya hewa.

Kwa hiyo fuata majira, usifuate huruma. Novemba mvua zikianza, machipukizi mapya yanakua haraka. Huo ndio wakati wa kuinywesha: mara moja au mbili kwa wiki, asubuhi, maji yapite hadi yachuruzike chini ya chungu. Usibakize maji kwenye kisahani. Ukiwa na wasiwasi, nyanyua chungu. Kikiwa chepesi, mwagilia. Kikiwa kizito, kiache. Mizizi nayo husema: ikiwa mikavu ni myeupe kama chokaa, ikilowa inageuka kijani. Mbolea ya maji iwe hafifu sana, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila baada ya wiki mbili.

Udongo wa bustani usiutie kabisa. Okidi hii kwao huishi juu ya miti, mizizi ikipigwa upepo. Mimi natumia vipande vya magome ya misonobari (kwa watu wa Mufindi hayo si ya kutafuta) nikichanganya na mkaa uliovunjwavunjwa. Chungu kiwe kidogo na chenye matundu.

Mwezi wa nne ukielekea kwisha, acha mbolea na anza kupunguza maji. Mei hadi Agosti ni mapumziko. Iache kwenye mwanga mwingi, jua la asubuhi likiipata, na uinyunyizie kidogo tu pale mashina yanapokunjamana sana. Walio Tukuyu, ambako mvua haina adabu, waiweke chini ya paa. Walio Makete waiingize ndani usiku wa jalidi. Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa, maana majani yatadondoka na mmea utaonekana umekufa. Ukiingiwa na huruma ukamwaga maji na mbolea, badala ya maua utapata vimimea vichanga juu ya mashina.

Kama hili linakushangaza, panda Kitulo. Uwanda ule wa mita 2,600 hivi, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na una aina zipatazo 45 za okidi za ardhini. Desemba hadi Aprili ni maua matupu. Nendeni wawili, mtanishukuru. Rudini Julai, hamtaona okidi hata moja. Zote zimejificha kwenye viazi vyake chini ya udongo, zikingoja mvua.

Tafadhali lakini, usichimbe hata kimoja uje kupanda nyumbani. Viazi hivyo vimechimbwa kwa mamilioni na kuvushwa hadi Zambia, ambako hupikwa na karanga kuwa chikanda, na uchimbaji huo ni moja ya sababu zilizofanya uwanda ule ulindwe. Isitoshe, okidi za porini hazizoei chungu. Nunua iliyooteshwa bustanini.

Yetu ya pili ni nobile. Kwenye kalenda ya jikoni anayemwagilia anaweka alama, na Juni yote kalenda ilikuwa tupu, jambo lililomtesa mume wangu kuliko mimi. Dada anayetusaidia kazi alishika kisu akate mashina yaliyopukutika majani. Nilimuwahi mlangoni. Mashina hayo makavu ndiyo yanayobeba maua! Mwishoni mwa Agosti vifundo vilianza kuvimba. Vilipofikia ukubwa wa punje ya haragwe tukarudisha maji, kidogo kidogo, na Septemba yalifunguka maua 19. Aliyahesabu yeye, akanipigia simu ofisini kunitajia.