Pembe Isiyo na Kitasa

Mwezi wa Novemba 2019 gazeti la Chicago Tribune, likishirikiana na shirika la habari la ProPublica, lilitangaza matokeo ya uchunguzi wake katika shule za jimbo la Illinois, nchini Marekani, na habari ile ikawafadhaisha wazazi wengi. Kwani ilidhihirika ya kuwa watoto waliokataa kazi ya darasani, au waliotukana, au hata waliomwaga maziwa, walikuwa wakitiwa kila mmoja peke yake katika vyumba vidogo na kuzuiliwa humo, na kwamba katika muda wa mwaka mmoja na miezi kadhaa matukio ya namna hiyo, yaliyoandikwa na shule zenyewe, yalizidi 20,000. Vyumba hivyo vilikuwa na majina ya upole: kimoja kiliitwa chumba cha utulivu, kingine chumba cha tafakuri, kingine chumba cha kupoza hasira. Siku iliyofuata Bodi ya Elimu ya jimbo hilo ikatoa amri ya dharura kupiga marufuku kumfungia mtoto peke yake.

Nimetanguliza habari hii, ijapokuwa ni ya huzuni, kwa sababu jina lile lile la utulivu hubebwa pia na jambo jingine lililo jema, ambalo walimu wa nchi nyingi wanalianzisha madarasani mwao, na ambalo natamani kuliona katika shule zetu. Kona ya utulivu ni sehemu ndogo ya darasa lenyewe, haina ukuta wala mlango, imetandikwa mkeka, ina mto wa kuegemea na vitu vichache vya kushika. Na mwanafunzi anayehisi kuwa hasira, hofu au huzuni inamshinda huiendea mwenyewe, hukaa dakika chache, kisha hurejea kwenye dawati lake na kuendelea na somo. Tofauti yake na vile vyumba vya Illinois haimo katika mto wala mkeka, bali katika kujua ni nani mwenye ruhusa ya kuingia na kutoka. Mtoto akiwa na hiari, mahali pale ni kimbilio. Akinyang'anywa hiari, ni kifungo, hata pakitandikwa hariri.

Maumbile ya mwanadamu yenyewe yanaidai hiari hiyo. Ndani ya ubongo imo sehemu ndogo yenye umbo la lozi, ambayo wataalamu huiita amigdala, na mojawapo ya kazi zake ni kutambua hatari na kuuamsha mwili: moyo ukaenda mbio, pumzi zikawa fupi, misuli ikakaza. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayozuia na kupima na kuchagua, walakini hiyo huchelewa kukomaa, wala haikamiliki mpaka mtu apindukie miaka 20. Basi mwalimu anayemkemea mtoto wa miaka saba aliyekwisha kupandwa na ghadhabu, akamwamuru ajieleze palepale mbele ya wenzake, anamtaka atumie ile sehemu ambayo kwa saa hiyo haimtii, na ukali wa sauti yake unaithibitishia ile nyingine kwamba hatari ipo kweli. Kinachotangulia kufaa ni kuupa mwili nafasi ya kutulia. Pumzi inayotolewa taratibu zaidi kuliko ilivyovutwa huupunguzia moyo mwendo wake; na kuitaja hisia kwa jina lake nako kuna nguvu, kwani Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha mwaka 2007 kwamba watu walipotazama picha za nyuso zenye hasira au hofu, kisha wakachagua neno la kuitaja hisia ile, harakati za amigdala zilipungua.

Fikra ya kumfundisha mtoto utulivu pasipo kumtisha si ngeni. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Roma, tarehe 6 Januari 1907, alisimulia jinsi alivyoingia darasani siku moja na mtoto mchanga wa miezi minne, aliyeviringwa nguo za kitoto, akawaonyesha wanafunzi jinsi alivyotulia na jinsi pumzi zake zilivyokuwa hazisikiki, akawatania kwamba hakuna miongoni mwao awezaye kunyamaza kiasi hicho. Nao wakajizuia, kila mmoja kwa nafsi yake, mpaka wakaanza kusikia tone la maji likianguka mbali na ndege wakilia nje. Hakuna aliyewapigia meza, na kimya kile kikageuka kuwa somo walilolipenda. Miaka mingi baadaye Jane Nelsen wa Marekani, aliyejenga mafundisho yake juu ya misingi ya mwanasaikolojia Alfred Adler wa Vienna, alitoa mwaka 1999 kitabu kizima juu ya mapumziko ya namna hii ya kutuliza nafsi, na miongoni mwa masharti yake ni kwamba watoto wenyewe washiriki kuipanga sehemu hiyo na kuipa jina. Mimi naona sharti hilo ndilo roho ya kazi yote, kwa maana mtoto haoni haya kukimbilia mahali alipopatengeneza kwa mikono yake.

Katika mji wa Baltimore, nchini Marekani, upande wa magharibi ambako umaskini na jeuri za mitaani zimewaelemea watu, ipo shule ya msingi ya Robert W. Coleman, na humo taasisi ya Holistic Life Foundation, iliyoasisiwa mwaka 2001 na ndugu wawili, Ali na Atman Smith, pamoja na rafiki yao Andres Gonzalez, iliweka chumba ambamo mtoto aliyekosa alipokewa na mtu mzima, akasikilizwa, wakavuta pumzi pamoja, kisha akarudi darasani. Habari zake zilienea sana mwaka 2016, iliposemwa kwamba mwaka uliotangulia shule ile haikumsimamisha masomo mwanafunzi hata mmoja. Siamini kwamba mito na taa hafifu ndizo zilizoleta baraka hiyo. Naamini ni yule mtu mzima aliyekuwa akingoja pale bila ghadhabu.

Huku kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu adabu ya shule imetegemea fimbo kwa muda mrefu. Kenya iliiondoa fimbo shuleni mwaka 2001, na sheria ya Uganda ikafanya hivyo mwaka 2016, ilhali Tanzania Bara kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices liliwasaidia walimu kujifunza njia nyingine za kuongoza watoto, na utafiti wa shule 42 uliochapishwa mwaka 2015 ukaonyesha kwamba katika shule zilizopata mafunzo hayo wanafunzi 31 kwa kila 100 walisema wamepigwa na watumishi wa shule katika wiki iliyopita, ambapo katika shule nyingine walikuwa karibu 49. Idadi hiyo ya 31 bado inauma. Mwalimu aliyenyimwa fimbo ana haki ya kuuliza atatumia nini mbele ya watoto 80 na zaidi, na asipojibiwa ataichukua tena.

Bahati njema ni kwamba walimu wetu wa elimu ya awali wamekwisha kuizoea kazi ya kupanga kona. Zipo kona za ujifunzaji, za vitabu, za hesabu, za nyumbani, zilizojengwa kwa maboksi na vizibo na makopo, na kuongeza moja ya utulivu hakuhitaji fedha za mfadhili. Lililo gumu ni kuchagua mahali. Pembe hiyo iwe mbali na mlango, isielekee barabarani, wala isijifiche nyuma ya kabati ambako jicho la mwalimu halifiki. Na mtoto akikaa awape wenzake ubavu au mgongo, ili asigeuzwe tamasha. Hapo patandikwe mkeka wa ukindu na mto wa usufi. Ukutani zitundikwe nyuso zilizochorwa na wanafunzi wenyewe, ya hasira, ya hofu, ya huzuni, ya aibu, ya furaha, ili asiyeweza kusema aonyeshe kwa kidole. Kuwe na chupa ya maji iliyofungwa barabara, yenye mchanga laini ndani, ambayo mtoto huipindua na kuitazama mpaka mchanga utue. Donge la udongo wa mfinyanzi lililofunikwa kitambaa kibichi. Na uzi wa shanga kumi, kila shanga pumzi moja. Hivyo vinatosha. Wako walimu ambao kwa mapenzi yao hujaza pembe nzima rangi na mabango na vinyago, wakasahau kwamba mtoto amefika pale kwa kuwa macho na masikio yake yamekwisha kuzidiwa.

Kona hiyo haifundishwi siku ya ugomvi. Katika wiki ya kwanza kila mwanafunzi, mpole na mkorofi, aizuru akiwa na moyo mweupe, ajifunze kuhesabu pumzi na kupindua chupa, na mwalimu naye akae pale mbele yao, aseme wazi kwamba leo amechoka na anataka kupumua kidogo. Iwekwe ishara ya mkono ya kuomba kwenda, isiyohitaji maneno, na isikataliwe. Darasa lisilo na nafasi hata ya mkeka, vitu vile vitiwe katika kisanduku chini ya meza ya mwalimu, na mtoto akipewe pale alipokaa.

Wapo wanaohofu kwamba watoto watajidai wana huzuni ili wakimbie hesabu. Baadhi watafanya hivyo, hasa mwanzoni, na dakika tano za kuangalia mchanga ni hasara ndogo; lakini anayekimbilia pale kila saa ya hesabu ametoa habari yenye thamani, kwamba hesabu inamtisha, na dawa yake ni kufundishwa upya kwa subira. Vilevile yuko mtoto aendaye pale kila Jumatatu asubuhi, na mwingine kila siku kabla ya adhuhuri. Mwalimu ayaandike haya katika daftari lake, si kwa kumhukumu mtu, bali kwa kuwa mkeka na shanga haviwezi kumshibisha mwenye njaa wala kumlinda anayepigwa nyumbani. Na akiona majuma yanapita na mtoto ni yule yule, amwite faraghani, amuulize kwa upole Jumapili yake ilikuwaje, kisha alifikishe jambo hilo kwa mwalimu wa ushauri nasaha na, panapo usalama, kwa mzazi.